Fahamu: Uzamivu wa uuguzi wa vitendo nchini Marekani

Uzamivu wa uuguzi wa vitendo, yaani shahada ya juu inayomwandaa muuguzi kuongoza huduma za wagonjwa badala ya kubuni nadharia mpya, ulianza kufundishwa katika Chuo Kikuu cha Kentucky mwaka 2001, na mwaka 2004 jumuiya ya vyuo vya uuguzi ya Marekani ikapendekeza uwe sharti la wauguzi bingwa ifikapo 2015, lengo ambalo halikutimia, kwa kuwa shahada ya uzamili bado inakubalika katika kazi nyingi. Mwanafunzi hutakiwa kutimiza saa nyingi za mafunzo ya vitendo baada ya shahada ya kwanza, kisha, badala ya tasnifu, hutekeleza mradi wa kuboresha huduma, kama vile kupunguza maambukizi wodini, kazi inayostahili heshima ileile wanayopewa watafiti.