Kwa nini karibu kila eneo bunge lilipewa soko na shule, na mengi mabwawa ya samaki

Watu wa Imenti Kusini, kule Meru, walioko ughaibuni wakianza kuzungumzia maendeleo ya nyumbani, hawachelewi kufika kwenye ESP. Mmoja atataja kiwanda cha samaki cha Kanyakine. Mwingine atakumbuka shule fulani iliyopakwa rangi ikapendeza. Wa tatu atauliza ilikuwaje Mitunguu, inayopakia ndizi kwenye malori ya Nairobi mwaka mzima, isianze na mradi wa ndizi. Vijana waliozaliwa huku husikiliza wasijue herufi hizo tatu zina nini. Nimeandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili ya wakubwa wenzangu tunaolalamika bila kukumbuka mambo yalianzaje.

ESP, yaani Economic Stimulus Programme, ni mpango wa kuchochea uchumi uliotangazwa kwenye bajeti ya Juni 2009 na Uhuru Kenyatta, wakati huo Waziri wa Fedha katika serikali ya mseto. Nchi ilikuwa hoi. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa zimevunja biashara na kuwafukuza watu makwao, mvua ilikuwa imekataa, na msukosuko wa benki ulioanzia Marekani ulikuwa unatishia utalii, maua na hata hizi pesa tunazotuma nyumbani. Uchumi uliokua kwa asilimia 7 hivi mwaka 2007 ulikuwa umekwama mwaka uliofuata. Serikali ikatenga shilingi bilioni 22 za kuumwagia.

Haikuwa peke yake. Februari 2009 Barack Obama alikuwa ametia saini sheria ya dola bilioni 787 yenye wazo lile lile: wananchi wakiacha kununua, serikali inunue, ijenge, iajiri, pesa zizunguke. Sharti la wazo hilo ni haraka. Daraja litakalokamilika uchumi ukishapona halimsaidii aliyefutwa kazi leo. Kwa hiyo mradi unaopita ni ule ambao karatasi zake ziko tayari: ardhi haina kesi, ramani imechorwa, BQ, yaani orodha ya vifaa na gharama, imeandikwa. Mradi unaohitajika zaidi lakini hauna faili hubaki nje. Obama mwenyewe alikuja kukiri mwaka 2010 kwamba miradi ya kuanza kesho asubuhi haipo kama alivyodhani. Kama Washington, pamoja na wahandisi wake wote, ilikwama hapo, fikiria ofisi ya wilaya ya Kenya mwaka 2009.

Nairobi ilitatua tatizo hilo kwa kuandika orodha moja ya nchi nzima. Maeneo bunge yalikuwa 210, na karibu kila moja lilisomewa mambo yale yale: shule ya sekondari ya kuinuliwa hadhi kwa milioni 30, kituo cha afya cha mfano cha milioni 20, soko la mazao mabichi la milioni 10, shule za msingi za kukarabatiwa, mabanda ya jua kali, wauguzi wa kuajiriwa, miti ya kupandwa. Ukizigawa zile bilioni 22 sawa kwa sawa, kila eneo bunge linaangukiwa na kama milioni 105. Hata CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge uliokuwepo tangu 2003 na ambayo watu huidharau, ilikuwa na hesabu ya haki zaidi kidogo, kwa kuwa robo ya fedha zake iligawanywa kwa kuangalia umaskini wa mahali. ESP haikujisumbua na hilo. Naelewa sababu. Katika serikali ya mseto, ambamo kila upande ulimwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni, orodha yoyote ambayo ingempa mmoja zaidi ya mwingine ingebishaniwa Bungeni hadi njaa iishe yenyewe.

Matokeo yake ni kwamba “nini” kiliamuliwa Nairobi, na watu wa mashinani wakaachiwa “wapi”. Kila eneo bunge liliundiwa kamati ya kusimamia miradi ya stimulus, na ugomvi wote wa siasa ukahamia kwenye swali hilo moja. Shule ipi? Zahanati ya upande wa juu kwenye chai, au ya upande wa chini kwenye joto? Jibu mara nyingi lilitolewa na ardhi. Palipokuwa na kipande cha umma kisichogombaniwa, mara nyingi uwanja wa zamani wa baraza la mji, mradi ulitua hapo, hata kama wanunuzi na wauzaji walikuwa wamezoea kukutana kando ya barabara kilomita mbili mbele.

Mabwawa ya samaki yanastahili kuelezwa peke yake, kwa sababu hayo ndiyo mradi wa stimulus kamili. Maeneo bunge 140 yalichaguliwa, kila moja lichimbe mabwawa 200, jumla 28,000. Bwawa lilikuwa la mita 300 za mraba, na ndani yake waliwekwa vifaranga kama 1,000. Hebu litazame kwa jicho la Hazina: halihitaji mwanakandarasi mkubwa wala mashine iliyoagizwa ng'ambo. Linahitaji vijana, majembe, sururu na toroli. Wiki chache tu na mshahara umeshafika mfukoni, umeshafika dukani. Mwaka 1936 mwanauchumi John Maynard Keynes aliandika, nusu kwa mzaha, kwamba serikali ikikosa jambo la busara la kufanya, hata kuzika chupa zilizojaa noti ili watu wazichimbue kungesaidia. Bwawa ni bora kuliko chupa. Linabaki na maji.

Lakini linabaki pia na samaki wanaokula kila siku. Kuchimba kulilipwa na ESP, vifaranga na chakula cha mwanzo vililetwa na serikali, halafu ruzuku ikaisha na mfugaji akakutana na bei ya chakula dukani. Takwimu zinasimulia vizuri: samaki wa kufugwa nchini walipanda kutoka tani 5,000 hivi mwaka 2009 hadi tani 24,000 hivi mwaka 2014, kisha wakashuka hadi kama nusu ya hapo kufikia 2017. Mabwawa mengine yakageuka vitalu vya miche, mengine yakaota magugu. Sasa kumbuka Kanyakine. Viwanda vidogo vinne vya kusindika samaki vilijengwa kutokana na mpango huu, huko Tetu, Lurambi, Rongo na kwetu Imenti Kusini. Kiwanda kinahitaji samaki wa kutosha wiki baada ya wiki. Kikijengwa kwa kuhesabu mabwawa yaliyochimbwa, badala ya mabwawa yanayovunwa, mashine zitasubiri samaki.

Turudi Mitunguu. Ukiteremka kutoka mji wa Nkubu unaacha baridi ya milimani na kuingia kwenye joto, na kwa haki ya mvua pale pangekuwa mahali pa mtama na mbuzi. Kinachopafanya pawe kijani ni mabomba. Mradi wa umwagiliaji wa Mitunguu ulijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa fedha za Ujerumani. Maji yanachukuliwa Mto Thingithu upande wa juu, yanateremka kwa nguvu ya mwinuko wenyewe bila pampu, na kutoka kwenye vinyunyizio shambani. Hakuna bili ya stima ya kusukuma maji, na wakulima ndio wenye kuusimamia. Huo haukuwa mradi wa haraka, na usingepita hata kidogo kwenye mchujo wa 2009: kupima mto, kugawa zamu za maji, kubishana na walio chini ya mto, yote hayo hayamalizwi ndani ya mwaka mmoja wa fedha. Hata hivyo, sijui mradi wa serikali ulioleta pesa nyingi zaidi mifukoni mwa watu wa pale.

Chukua soko la ESP ulipime kwa biashara ya ndizi. Ndizi ya Mitunguu haiuzwi rejareja kwenye kibanda. Mkungu unakatwa mbichi, unalazwa juu ya majani makavu ya mgomba, broka anautazama, anataja bei kwa jicho, na lori linapakiwa. Mkulima anapunjwa kwenye hilo jicho. Orodha ya Nairobi ilizungumzia vibanda na vyumba vya baridi. Kwa kabeji, sawa. Ndizi mbichi ukiiweka chini ya nyuzi 13 hivi ganda linaingia weusi na haiivi vizuri tena, kwa hiyo chumba kinachoiokoa sukuma wiki kinaiharibu bidhaa kuu ya mahali.

Halafu ikaja 2013 na ugatuzi. Wizara ya Serikali za Mitaa, mama wa masoko hayo, ikafutwa. Masoko na vituo vya afya vikahamia kaunti, shule zikabaki serikali kuu. Mradi ambao kuta zake zilikuwa zimesimama bila paa ukajikuta yatima: kaunti inasema deni la mwanakandarasi si lake, serikali kuu inasema jengo si lake tena. Kwa watu wetu kuna kichekesho kidogo hapa. Mbunge wa Imenti Kusini wakati wa ESP alikuwa Kiraitu Murungi, akiwa pia Waziri wa Kawi. Kuanzia 2017 hadi 2022 alikuwa gavana wa Meru, upande ule uliorithishwa masoko.

Stimulus yenyewe haijaisha. Mei 2020, corona ilipobana, Uhuru, wakati huo akiwa Rais, alitangaza mpango mwingine wa shilingi bilioni 53.7, na ndani yake kulikuwa na kazi za mikono za kukarabati barabara na vivuko vya miguu. Zitakuja nyingine, na zote zitauliza kilicho tayari.

Kwa hiyo anayetaka Mitunguu iwe kwenye orodha ijayo asisubiri hotuba ya bajeti. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaitaka kaunti ipeleke mpango wake wa maendeleo wa kila mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na wananchi wana haki ya kusikilizwa kabla ya hapo. Sisi wa mbali tunaweza kuchangia kitu kisicho na picha nzuri ya kuweka Facebook: ada ya mpima ardhi, ya mchoraji ramani, ya kuandika BQ.

Mimi faili langu ningelianza na mizani ya kupima tani, sakafu ya zege ambayo lori linaweza kugeuka juu yake hata mvua ikinyesha, paa, vyoo na taa. Chumba cha kuivishia ndizi kingefuata, akishapatikana wa kulipa stima. Vibanda ningeviacha.