Daraja au Kivuko? Tathmini ya Istilahi Moja ya Programu za Simu

Makala haya yanachunguza neno "daraja" linavyotumiwa katika uundaji wa programu za simu, na kuuliza iwapo linaafiki dhana linayoiwakilisha.

Simu hazina lugha moja. Programu za Android huandikwa kwa Java au Kotlin. Za iPhone kwa Objective-C au Swift. Anayetaka programu moja ihudumie zote huandika sehemu kubwa kwa lugha ya tatu, aghalabu JavaScript. Hata hivyo, kamera na kinasa sauti hubaki chini ya himaya ya lugha asilia ya simu. Sharti basi pande hizo mbili ziunganishwe.

React Native, iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, iliziunganisha kwa utaratibu ambao wahandisi waliuita daraja. Msomaji wa Ukunda atauelewa vyema akiikumbuka Likoni. Anayekwenda kisiwani Mombasa kwa njia hiyo hafululizi: husubiri, hupakiwa pamoja na wenzake, huvushwa, kisha hushuka. Ndivyo ilivyokuwa. JavaScript ilipohitaji picha, ombi lilifungwa kama matini ya JSON, likawekwa foleni, likavushwa pamoja na maombi mengine, likafunguliwa ng'ambo na kutekelezwa. Jibu lilirudi vivyo hivyo. JavaScript nayo haikusimama kungoja. Iliendelea na shughuli nyingine. Kwa kuwa shehena nzito ilichelewesha foleni nzima, ilifaa kuvusha anwani ya faili ya picha badala ya picha yenyewe.

Huo si mwendo wa daraja, bali wa kivuko.

Suala hili si la upambaji wa maneno tu. Katika toleo la 0.76 la Oktoba 2024, muundo mpya wenye kiungo kiitwacho JSI ulifanywa kuwa wa kawaida. Kwa kiungo hicho, JavaScript huweza kuita msimbo asilia bila kufunga wala kufungua matini, mithili ya gari linaloingia Kwale kwa barabara ya Dongo Kundu pasi na kungoja feri. Uhuru huo nao una gharama: JavaScript ikiita kazi ndefu na kuisubiri, skrini huganda.

Wahandisi husema kwamba sasa daraja limeondolewa. Mwanafunzi aliyefunzwa istilahi hiyo atadhani pande mbili zimetengana, ilhali ni sasa ndipo zilipopata njia isiyokatika. Tafsiri sisisi imemfikisha kwenye kinyume cha ukweli.

Tunapendekeza "kivuko" kwa utaratibu wa awali na "kiungo cha moja kwa moja" kwa ule mpya. Neno kivuko, lililonyambuliwa kutokana na kitenzi vuka, hubeba chombo na mahali kwa pamoja, na wenyeji wa pwani hawahitaji kufafanuliwa. Mwundaji wa istilahi hana budi kutazama kwanza jinsi kitu kinavyotenda kazi, ndipo alitazame jina lake la Kiingereza.