Faili Limepotea au Limejificha? Namna ya Kulitafuta Kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Katika parokia zetu nyingi, kompyuta ya kazi ya kanisa ni ile iliyo nyumbani kwa katibu au kwa mchungaji. Ndani yake mna orodha ya wabatizwa, hesabu za sadaka, barua za ndoa na nyimbo za kwaya. Kwa ndugu waliokimbia vita na kuacha madaftari nyuma, faili moja laweza kuwa ndilo ushuhuda pekee uliobaki wa ubatizo au ndoa yao. Ndiyo maana likikosekana tunashtuka. Lakini mara nyingi faili halikupotea: limekaa mahali ambapo hatujaangalia. Linaloharibu zaidi ni haraka yetu.

Tunaeleza hapa kompyuta za Windows zilizowekwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi kwetu.

Tusiongeze kitu kipya. Kompyuta inapofuta faili, kwa kawaida haifuti maneno yenyewe papo hapo. Inafuta alama ya mahali yalipo, kama mtu aliyeng'oa ukurasa wa yaliyomo huku sura za kitabu zikibaki. Tukipakua filamu au kuweka programu mpya, vitu hivyo vinaweza kuandikwa juu ya faili letu, na hapo halirudi tena.

Tuangalie mahali pa karibu. Kama faili au dosie imefutwa au kuhamishwa sasa hivi, tubonyeze Ctrl na Z pamoja. Kisha tufungue "Corbeille", tubofye faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na kuchagua "Restaurer". Tukumbuke kwamba kilichofutwa kwenye flashi kwa kawaida hakipiti kwenye "Corbeille".

Tutafute kwa jina. Tufungue "Ce PC" na kuandika neno moja la jina la faili katika kisanduku cha kutafutia, juu upande wa kulia. Jina likisahaulika, tuandike *.docx kwa maandishi ya Word au *.xlsx kwa hesabu za Excel, halafu tupange matokeo kwa tarehe. Vilevile, ndani ya Word, "Fichier", "Ouvrir", kisha "Récent" huonyesha mafaili ya mwisho na mahali yalipo. Mengi hukutwa katika "Téléchargements".

Umeme ukikatika kabla hatujahifadhi. Katika Word twende "Fichier", "Informations", "Gérer le document", kisha "Récupérer des documents non enregistrés".

Virusi vya flashi. Kuna virusi vinavyoficha dosie zote na kuacha picha zenye mshale mdogo. Tusizibofye. Tusafishe flashi kwanza kwa programu ya kuua virusi, kisha katika "Affichage" tuwashe "Éléments masqués". Zikiendelea kujificha, tufungue "Invite de commandes" na kuandika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (badala ya E tuweke herufi ya flashi yetu).

Kama limefutwa kabisa. Microsoft inatoa bure programu iitwayo Windows File Recovery, kwa Windows 10 ya toleo la 2004 na zilizofuata. Faili linalookolewa liwekwe kwenye diski nyingine, si ile lilimopotelea. Kwenye diski za SSD matumaini ni madogo, kwa kuwa zenyewe husafisha haraka nafasi iliyofutwa.

Tukimpelekea fundi, tukae naye anapofanya kazi. Orodha ya waumini ina majina, makao na habari za familia. Katika siku hizi haifai kuachwa mikononi mwa mtu tusiyemjua.

Mwisho, dawa iliyo bora ni nakala. Moja ibaki kwenye kompyuta, ya pili kwenye flashi inayotunzwa katika nyumba nyingine, na ya tatu ichapwe kwenye karatasi kila miezi michache. Kila faili lipewe jina lenye mwaka, kwa mfano "Ubatizo 2024", wala si "Document1". Katibu akihama, atakayemfuata alikute bila kumpigia mtu simu. Majina hayo tumekabidhiwa na watu wenyewe; kuyatunza ni sehemu ya kuwachunga.