Hakuna mji uliopakwa rangi

Msomaji mmoja ameniuliza: Waingereza wakisema watu "waliupaka mji rangi nyekundu", sisi tuseme vipi? Aliukuta msemo huo katika habari ya disko matanga za Migori na Homa Bay.

Maana yake ni kutoka usiku kujiburudisha bila kujibana. Husimuliwa kwamba chanzo chake ni Melton Mowbray, Uingereza, ambako mwaka 1837 lodi mmoja, Marquess wa Waterford, na wenzake walilewa wakapaka milango ya watu rangi nyekundu. Kisa ni cha kweli, lakini msemo ulionekana magazetini miaka ya 1880, tena Marekani, kwa hivyo mimi nina shaka. Kwa Kiswahili sema waliponda raha, walijirusha, au kama Watanzania, walikula bata.

Ila si kwa habari ile. Matanga ni neno letu: siku za kukaa na wafiwa mpaka yaanuliwe. Kwetu maiti huzikwa upesi, aghalabu siku hiyo hiyo. Kwa ndugu zetu Waluo, maiti aweza kukaa mochari wiki nzima au zaidi, gharama zikapanda, na usiku wa kuamkia mazishi watu hukesha. Muziki hapo si mgeni. Ohangla, ngoma iliyowambwa ngozi ya kenge, imepigwa misibani tangu zamani, na mzee aliyekula chumvi nyingi huagwa kwa shangwe. Kuna na pakruok: mtu atoa pesa, wimbo wasimamishwa, ajisifu au amsifu mwenziwe. Pesa zikienda kwa wafiwa, huo ni mchango kama michango yetu.

Shida ni pale spika kubwa zinapokodiwa, na wanaojaa uwanjani usiku wa manane ni watoto wa shule, bila mzazi wala taa. Serikali imezipiga marufuku disko hizi mara kadhaa, ikizihusisha na mimba za wasichana wadogo. Wala tusiwanyooshee kidole watu wa ziwani. Kilifi, hapa hapa petu, kilio ni hicho hicho.

Kwa hivyo habari ikiwa ni ya msichana wa miaka 14 aliyeharibiwa maisha usiku kama huo, mimi naandika "ngoma ya usiku msibani", nataja umri wake, na neno raha nalifuta.