Ufa usioonekana katika mtungi wa mbegu za ng'ombe

Kisii na Nyamira, ambako mashamba ni madogo na kufuga dume ni gharama, wafugaji wengi hutegemea uhimilishaji, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa. Mbegu hizo, baadhi zikitoka katika kituo cha serikali cha Lower Kabete kilichoanzishwa mwaka wa 1946, hubebwa katika mtungi wa naitrojeni kioevu yenye baridi ya digrii 196 chini ya sufuri. Ninajenga hoja kwamba Kiswahili kina msamiati wa kumweleza mfugaji jinsi mtungi huo unavyoharibika.

Mtungi una kuta mbili, na kati yake kuna ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, linalozuia joto kupenya. Chombo cha ndani huning'inia kwenye shingo kama boga kwenye kikonyo. Shingo ya chuma ingeingiza joto. Kwa hivyo, mara nyingi hutengenezwa kwa nyenzo mseto: nyuzi za glasi zilizoshikanishwa kwa gundi ya epoksi.

Dhana hii si ngeni. Tazama ukuta wa kukandika: fito hubeba uzito, udongo huzishikilia fito. Udongo ukikauka husinyaa, fito hazisinyai sana, na nyufa hutokea. Sasa basi, baridi kali hufanya vivyo hivyo. Gundi husinyaa kuliko glasi, hukakamaa na kupoteza unyumbufu. Vikivutana hivyo, gundi huingia vinyufa vidogo mno. Nyuzi bado zinashikilia, kwa hivyo shingo huonekana nzima. Mtikisiko wa bodaboda kwenye barabara mbovu huzidisha nyufa hizo.

Ukuta wenye nyufa husimama, ila upepo hupita. Hapa hewa huingia kwenye ombwe. Ukiona umande au barafu kwenye mwili wa mtungi kwa nje, jua mambo yameharibika: naitrojeni ya wiki kadhaa itaisha upesi. Mbegu zikiyeyuka, kuzigandisha tena hakuzifufui. Baada ya takriban siku 21 ng'ombe atatafuta dume tena, na lawama atabebeshwa yeye!

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu mfugaji hawezi kuuziba. Fundi wa mitungi ndiye wa kuitwa. Lakini kabla ya kulipa, mfugaji ana haki ya kuutazama mtungi na kuuliza, tena kwa Kiswahili.