Pampu chooni, chupa ya maji hospitalini

Tulimkuta dada yangu chooni, nyuma ya ukumbi wa harusi Temeke, kashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Mabega yamempanda karibu na masikio, na kile kishimo cha chini ya koo kinazama kila anapovuta pumzi. Nilipomuuliza kulikoni, akajibu kwa mafungu: "Udi... ule. Pampu... tupu."

Ukumbini chetezo kilikuwa kikizungushwa meza hadi meza. Badala ya kutoka nje au kumnong'oneza mtu, dada alichukua pochi yake akaenda kujifungia, apige pampu pasipo kuonwa. Ana pumu tangu darasa la tano, na wenzake wa vikoba walikuwa hawajui. "Wataniona mgonjwa," aliniambia baadaye, kana kwamba ndiyo siri kubwa kuliko uhai.

Basi wanawake wakajaa mlangoni. Mmoja akatandika khanga chini ili alazwe, mwingine akawa anampepea kwa kadi ya mwaliko. Kila mtu anasema "mpisheni apate hewa", na hakuna anayesogea. Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa upande wa bwana harusi: "Msimlaze! Mkalisheni, aegemee mbele." Yule bibi alijua anachosema. Aliyebanwa halazwi chali. Hukalishwa, nguo za kubana zikalegezwa, akatolewa kwenye moshi au harufu iliyomchokoza, akapewa pampu yake ya bluu, mpulizo mmoja mmoja. Asipopata nafuu upesi ni hospitali, na pampu iendelee njiani. Sisi hatukuwa na pampu ya kuendelea nayo.

Ndani ya gari kifua chake kilikuwa kinapiga miluzi hadi dereva akapunguza redio. Tulipokaribia kituo cha afya miluzi ikafifia, nami nikamshukuru Mungu. Muuguzi aliyetupokea hakushukuru. Aliweka sikio, akakimbia.

Nimekuja kuelewa kwa nini. Pumu inapopanda, njia ndogo za hewa huvimba kwa ndani, misuli inayozizunguka hukaza, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Kutoa pumzi huwa kugumu kuliko kuivuta: hewa chakavu inabaki ndani, na mpya haipati pa kukaa. Mluzi ni hewa inayopenya kwenye tundu jembamba. Ukinyamaza wakati mgonjwa bado anahangaika, si kwamba tundu limefunguka. Huenda hakuna tena hewa ya kupiga huo mluzi.

Nilitegemea kuona mashine. Nilichoona ni yule muuguzi akiokota chupa tupu ya maji ya nusu lita, akaitoboa kitakoni kwa wembe, akachomeka mdomo wa pampu mpya pale na kuzungushia plasta. Mdomo wa chupa akauweka mdomoni mwa dada. Akabonyeza mara moja, dada akavuta pumzi mara kadhaa taratibu, akabonyeza tena. Huku oksijeni ikiandaliwa, chupa ilikuwa imeshaanza kazi.

Wala haikuwa kubahatisha kwa kituo maskini. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet utafiti uliolinganisha chupa ya nusu lita iliyozibwa vizuri na kifaa kamili cha dukani, kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa haikuzidiwa. Sababu ni rahisi: ukijipulizia pampu moja kwa moja bila kwenda sambamba na pumzi, dawa nyingi huishia ulimini na kooni. Ndani ya chupa wingu la dawa husubiri kidogo, na mgonjwa akalivuta kwa nafasi yake.

Mitaani kwetu, hata hivyo, pampu ina sifa mbaya. "Ukianza pampu huiachi", "pampu ni hatua ya mwisho": nimeyasikia hayo hata kwa watu waliosoma. Mimi naona kosa liko kwingine. Wengi wetu tunaijua ile ya bluu tu, salbutamol, inayofungua njia za hewa kwa saa chache na kuuacha uvimbe palepale. Inayotuliza uvimbe ni dawa ya kuzuia, yenye steroidi ya kuvuta, mara nyingi kwenye pampu ya kahawia, na hiyo mtu hutumia hata siku anapojisikia mzima, kisha akasukutua mdomo. Mwaka 2019 GINA, jopo la kimataifa linalotoa mwongozo wa tiba ya pumu, liliacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa ile ya bluu peke yake. Anayemaliza makopo matatu au zaidi ya bluu kwa mwaka yuko hatarini, hata kama anajiona ameizoea pumu yake.

Na kopo lenyewe hudanganya. Lina mipulizo 200, lakini dawa ikiisha bado linatoa mvuke wa kusukuma, ukadhani umetibiwa. Kuliweka majini uone kama linaelea hakusaidii kujua. Dada alikuwa anapuliza hewa tupu pale chooni, na pengine siku kadhaa kabla yake.

Na ile aibu ya kujificha na pampu huanzia shuleni: mtoto anaachwa nje ya michezo, pampu imefungiwa kwenye droo ya mwalimu. Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu, na rekodi yake ya marathoni ya mwaka 2003 ilidumu miaka 16, hadi Mkenya Brigid Kosgei alipoivunja Chicago. Mtoto anayetumia dawa sawasawa akimbie, ila pampu iwe mfukoni mwake.

Dada siku hizi ameandika kwa kalamu nyeusi tarehe aliyoifungua pampu yake. Inakaa juu ya friji na ile chupa iliyotobolewa, na mwanawe wa darasa la tatu anajua kuichomeka. Ukiwa na ndugu mwenye pumu, muulize leo pampu yake inakaa wapi, na imebakiza mipulizo mingapi.