Tofauti ya Maana kati ya "Mahali" na "Mahari"

Maneno *mahali* na *mahari* hutofautiana kwa sauti moja tu, ilhali maana zake ziko mbalimbali. *Mahali* ni sehemu ambapo mtu au kitu kipo, au ambapo jambo hutendeka. *Mahari* ni mali au fedha zinazotolewa na mwanamume kwa ajili ya ndoa. Warundi huiita *inkwano*. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini hayana asili moja.

Katika Kiswahili, /l/ na /r/ ni fonimu mbili. Zote hutamkiwa kwenye ufizi. Tutamkapo /l/, hewa hupita kandokando ya ulimi. Tutamkapo /r/, ncha ya ulimi hupigapiga ufizi. Kirundi hakitofautishi maana za maneno kwa sauti hizi. Ndiyo sababu wanafunzi wetu wengi hapa Bujumbura husikia neno moja palipo na mawili.

Tuzingatie sentensi zifuatazo:

(1) Wazee wamekubaliana kuhusu mahali.
(2) Wazee wamekubaliana kuhusu mahari.

Katika kikao cha posa, sentensi zote mbili zinafaa. Muktadha haumsaidii msikilizaji. Anayechanganya sauti atamfanya adhani kuwa mahari imekwisha kuafikiwa, kumbe kilichoafikiwa ni ukumbi wa sherehe.

Mara nyingine upatanisho wa kisarufi hutuokoa. *Mahali* huchukua kiambishi *pa-*: *mahali petu*, *mahali pazuri*. Mwanafunzi aifahamuye Kirundi ataelewa upesi, kwani *pa-* hii inalingana na *ha-* ya *ahantu heza*. *Mahari* haichukui *pa-*: twasema *mahari yetu*.

Hapa mwalimu anapaswa kuwa mwangalifu. Anayeandika *mahari petu* amekosea herufi, ila ngeli anaijua; tumsahihishe sauti. Anayeandika *mahali yetu* huenda amekosea mojawapo ya mambo mawili: ama alikusudia sehemu, akakosea upatanisho, ama alikusudia mali ya ndoa, akakosea sauti. Tusipomwuliza kwanza alikusudia nini, tutamsahihisha kosa ambalo hakulifanya, na lile alilolifanya litabaki.

Aidha, tuanze na masikio kabla ya ulimi. Mwalimu asome jozi kama *kula* na *kura*, *hali* na *hari*, wanafunzi waonyeshe neno walilolisikia. Wakishalitambua, ndipo walitamke. Mwalimu asiyezitenga sauti hizi yeye mwenyewe ajizoeze kwanza, kwa maana darasa zima litaiga matamshi yake.

Zoezi

1. Tunga sentensi mbili ambamo *kula* na *kura* zinaweza kubadilishana nafasi bila kuvunja sarufi. Eleza tofauti ya maana.
2. Mwanafunzi ameandika: "Mahali yake ni kubwa." Utamwuliza swali gani kabla ya kumsahihisha?